Mjadala: Pesa nayo ioze? Silvio Gesell alikuwa sahihi au alipotoka?

MLETA MADA
Wakuu, tulipojadili riba za mikopo ya simu kuna mtu alisema tatizo si riba bali ni pesa yenyewe, kwa kuwa haiozi. Akamtaja Silvio Gesell, wengi mkamcheka. Mimi simcheki, ila dawa yake naitilia shaka.

Gesell, Mjerumani aliyezaliwa 1862, hakuwa profesa. Alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Buenos Aires mwaka 1887 kuuza vifaa vya madaktari wa meno. Mtikisiko wa fedha wa 1890 ukamkuta hukohuko Argentina. Mwaka uliofuata akaanza kuandika vijitabu, na hakuacha tena. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1916. Hoja yake ni hii: muuza nyanya hawezi kusubiri, kufika kesho mali imelainika. Mwenye pesa anaweza kusubiri hata mwezi. Basi mwenye pesa ndiye mwenye sauti sokoni, na riba ni hongo anayodai ili aiachie. Akapendekeza noti nayo ipungue thamani: kila muda fulani unanunua stempu na kuibandika, la sivyo noti haipokelewi kwa thamani yake kamili. Hapo mwenye pesa naye hatasubiri, na shabaha ni riba ishuke mpaka iishe.

Aprili 1919 serikali ya mapinduzi ya Bavaria, jimbo la Ujerumani, ilimkabidhi wizara ya fedha. Wiki moja tu, wakomunisti wakaipindua. Baadaye akashtakiwa kwa uhaini na kuachiwa huru. Alifariki 1930.

Miaka miwili baadaye meya wa Wörgl, mji mdogo wa Austria, akalijaribu wazo hilo. Wasio na kazi walikuwa tele na hazina ya mji ilikuwa hoi. Michael Unterguggenberger akatoa vyeti vilivyopoteza asilimia 1 kila mwezi, akalipia wajenzi wa barabara na daraja. Watu wakakimbilia kulipa hata kodi, maana nani anataka kulala na noti hizo usiku wa mwisho wa mwezi? Septemba 1933 zoezi likasimama kwa shinikizo la Benki Kuu.

Shaka yangu iko kwenye usiku huo. Noti isiyo na stempu itaishia mkononi mwa nani? Mwenye duka la jumla ataikataa au atakata chake. Mama lishe aliyewakopesha mafundi ubwabwa mwezi mzima, akiletewa noti hiyo tarehe 31, ana ubavu wa kuikataa?

MCHANGIAJI WA 1
Mkuu, huyo mama stempu anailipa tayari, inaitwa mfumuko wa bei. Tofauti ni kwamba ya Gesell inajulikana kiasi chake na tarehe yake. Hii yetu unaigundua dukani ukiuliza bei ya mafuta ya kula.

MCHANGIAJI WA 2
Niko Mombasa. Mwaka 2013 mtaa wa Bangladesh ulianzisha Bangla-Pesa, vocha za wafanyabiashara wadogo kubadilishana bidhaa shilingi zikiadimika. Sikumbuki kuambiwa zinaoza, lakini polisi walifika upesi, watu wakakamatwa, kesi ikafutwa baadaye mwaka huohuo. Mnajadili pesa kuoza. Mimi nauliza nani ataruhusiwa kuitoa. Na 2019 hapa Kenya noti ya zamani ya elfu moja ilipopewa muda wa kutumika hadi 30 Septemba tu, wenye magunia ya pesa walikimbilia viwanja na magari. Pesa ikianza kunuka, mkubwa ana pa kukimbilia.

MLETA MADA
Hapo umemgusa Keynes, yule mchumi Mwingereza. Mwaka 1936 alimsifu sana Gesell, lakini akaonya kwamba noti zikiwekewa stempu watu watahamia kwenye vitu vingine: fedha za kigeni, vito, madini ya thamani. Gesell mwenyewe aliliona la viwanja, ndiyo maana alitaka ardhi nayo iwe mali ya umma. Wanaomshabikia siku hizi sehemu hiyo wanairuka, sijui kwa nini. Au najua.

MCHANGIAJI WA 3
Mimi ni mhasibu wa kikoba. Tunaweka kila wiki, tunagawana Desemba. Huyo mzee angetumaliza.

MLETA MADA
Dada, hapana. Kwa Gesell anayeumia ni anayeshika noti, si anayekopesha. Mkopeshaji hurudishiwa kiasi kilekile. Kikoba kinachokopesha fedha zote siku ya kikao, sanduku likabaki tupu, ndicho alichokitaka.

MCHANGIAJI WA 3
Sawa, nimekuelewa. Lakini umesema shabaha yake ni riba ishuke mpaka iishe. Gawio letu la Desemba linatokana na riba ya mikopo hiyohiyo. Wanachama wangu thelathini nitawaambia nini?