Kwa nini mtu huru aliitwa Mtumwa?

Mkaazi wa Wete: Assalamu alaykum. Bibi mzaa mama aliitwa Mtumwa, ingawa wazee wake wote walikuwa waungwana. Jina hili, ambalo sasa ni nadra kulisikia, lina asili gani?

Mzee wa Ng'ambo: Waalaykumu salaam. Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 na kurekodiwa Bombay mwaka 1928, aliitwa kwanza Mtumwa. Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alipewa ukubwani, alipokwisha kusifika mjini kwa uimbaji wake.

Mjukuu wa Chake: Kwetu, mama aliyefiwa na watoto mfululizo humpa anayefuata jina la kujidunisha, ili kijicho kisimpate. Wazazi wa leo, naona, hulionea haya.