Mbung'o: tumzoee au tummalize?

Mwanachumbageni: Wadau, mfugaji mmoja wa Pangani kaniambia anachoma ng'ombe wake sindano za nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, mwaka hadi mwaka. Unguja walimmaliza mbung'o kabisa. Mbung'o walizalishwa hapahapa Tanga, kwenye kituo cha utafiti, madume wakapigwa mionzi wawe tasa, wakamwagwa Unguja kutoka kwenye ndege. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja, akimpata tasa ndiyo basi. Walianza 1994, na 1996 akanaswa wa mwisho. Kwa nini Bara tunatibu tu?

Mfugaji Muheza: Unguja ni kisiwa, ndugu. Ukimaliza wa Pangani, wa Saadani watahamia. Tufuge ng'ombe wanaostahimili nagana, kama N'Dama wa Afrika Magharibi. Hata zebu wetu anavumilia kuliko hawa wa kisasa.

Binti Ngamiani: Zebu anakupa maziwa gani? Ya kutia rangi chai. Mtoto anywe nini?

Mfugaji Muheza: Usimtukane zebu! Ndiye aliyenilipia ada mpaka kidato cha nne. Wa kisasa mama alikopeshwa mmoja, akafa kabla hajazaa, deni likabaki. Wewe umewahi kulala zizini?

Binti Ngamiani: Usinipime kwa mtaa ninaokaa. Baba alikamua Pongwe tangu saa kumi alfajiri, mimi nikishika taa. Nimesema maziwa, sijamtukana ng'ombe wako.

Mwanachumbageni: Jamani, mada ni mbung'o.

Mzee Makorora: Wanangu, nimechoma hizo sindano miaka mingi. Mtu akipunguza dozi ili dawa itoshe kundi zima, vimelea dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana. Sisi tunajizoesha, kimelea ndiye anayeboreka. Kijana ana haki: kumwacha nusu ni kumchagulia mbegu.

Mwanachumbageni: Shikamoo mzee. Hilo la mbegu sikuwa nimeliona.

Mfugaji Muheza: Shikamoo. Nakuheshimu mzee, ila mwenye ng'ombe saba na dawa ya watatu umwambie aache wanne wafe? Hakupunguza kwa ujinga.

Mzee Makorora: Marahaba. Sikusema mjinga. Mimi mwenyewe nilipunguza, na najuta.

Binti Ngamiani: Muheza, huyo wa mkopo, mlilipa mpaka lini? Pongwe nasi ilitukuta, ng'ombe kafa, wakaja kudai.

Mfugaji Muheza: Miaka mitatu, dada. Mama aliuza mashamba ya michungwa. Nyie je?