Blanketi zito, fulana ya uzito au shuka la kubana: nimchukulie mtoto kipi?

MamaNuru: Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu ana usonji na mwili wake hautulii. Mchana anajirusha kwenye kochi na kugonga ukuta kwa mabega, usiku anachelewa sana kulala. Mtaalamu ametuambia tujaribu vifaa vya kuubana mwili. Hela niliyonayo ni ya kifaa kimoja tu, na wiki hii nataka kuagiza. Kipi bora?

BabaTatu: Dada, ana umri gani? Uzito kilo ngapi? Ana kifafa, pumu au shida ya moyo? Anaweza kujifunua mwenyewe? Hujasema hata moja. Atakayekutajia kifaa kabla hujajibu hayo, usimsikilize.

Kaka_Duma: Chukua blanketi zito, lile lenye shanga ndani za kuongeza uzito. Wetu akilala chini yake unaona kabisa mabega yanashuka, vidole vinaacha kuchezacheza. Hayo mengine mbwembwe tu.

AshaTiba: Kaka Duma, subiri kwanza ajibu. Mimi nafanya kazi kwenye tiba ya hisi za mwili, kama mguso na mgandamizo. Na mimi nina langu la kuuliza, mama: kinachokusumbua zaidi ni usiku au mchana? Blanketi halitamsaidia mtoto anayegonga ukuta saa nne asubuhi.

MamaNuru: Samahani. Ana miaka 6, kilo 20. Hana kifafa wala pumu. Shida kubwa ni usingizi. Kujifunua kunamtatiza: hata shuka la kawaida likimzonga hulia mpaka niende kumtoa.

AshaTiba: Basi blanketi zito la usiku kucha liweke pembeni kwa sasa. Kanuni inayozungumzwa ni asilimia 10 ya uzito wa mwili, kwa wako kilo 2. Kanuni hiyo imetokana na mazoea ya kazi, haikupimwa maabara. Sharti lisilo na mjadala ni kwamba mtoto aweze kulitoa mwenyewe, na lisifike usoni kamwe. Mwaka 2008 huko Quebec, Kanada, mvulana wa miaka 9 mwenye usonji alifariki shuleni akiwa amezungushiwa blanketi zito. Na kama kuna mtoto mchanga nyumbani, jueni Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kimekataa chochote chenye uzito juu ya mtoto mchanga au karibu naye anapolala.

Kaka_Duma: Hilo ni la kusikitisha, lakini huyo alizungushiwa. Kufunikwa na kuzungushiwa ni mambo mawili.

BabaTatu: Kwa mtoto asiyeweza kujitoa hayatofautiani sana, kaka.

SalmaK: Mimi niseme ya fulana ya uzito. Ya binti yangu ilikuwa na mifuko midogo mbele na nyuma ya kutilia vifuko vya punje. Mtaalamu alituelekeza avae dakika 15 hadi 20 kabla ya kazi ya mezani, kisha ivuliwe, kwa sababu mwili ukishauzoea uzito hauusikii tena. Nikaandika maelekezo, nikayapeleka shuleni pamoja na fulana. Akawa anarudi nyumbani shingo ina alama nyekundu na mgongo umelowa jasho. Kumbe alikuwa akivishwa asubuhi na kuvuliwa saa ya kwenda nyumbani. Baya zaidi, dada mmoja msaidizi wa darasani alikuwa akimwambia, "Ukipiga kelele nakuvisha." Kitu cha kumtuliza kikageuzwa adhabu! Baada ya hapo binti akiiona tu kwenye kiti anajikunja chini ya meza, na hata mimi nikitaka kumkumbatia anakaza mwili. Imechukua muda mrefu sana kumrudisha. MamaNuru, kabla ya kuagiza jiulize ni nani atakayekishika kifaa hicho wewe ukiwa haupo.

MamaNuru: Pole sana mama. Hilo la shuleni sikuwa nimelifikiria kabisa.

MpendaVitabu: Ndiyo maana namheshimu sana Temple Grandin, yule mtaalamu wa mifugo wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji. Akiwa kijana aliona kwenye shamba la shangazi yake kifaa cha kuwabana ng'ombe wakati wa chanjo, akajitengenezea mashine yake ya kujibana, na kishikio cha kuongeza na kupunguza alikishika mwenyewe. Mtu mwenyewe ndiye anayeamua abanwe kiasi gani. Na kuhusu usingizi, utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2014 ulilinganisha blanketi zito na la kawaida kwa watoto 67 wenye usonji. Muda wa kulala haukuongezeka.

Kaka_Duma: Malizia basi! Utafiti huo huo ulikuta watoto na wazazi walilipenda zaidi lile zito.

MpendaVitabu: Ni kweli walilipenda. Ila mama anatafuta usingizi.

Kaka_Duma: Mtoto akitulia kitandani bila kulia, hata dakika zisipoongezeka, nyumba nzima imepumua. Usilidharau hilo.

Bi_Rehema: Kwangu limefaa shuka la kubana. Ni kitambaa kinachovutika, unalivisha godoro kwa upande wa kifua hadi miguu, mtoto anateleza ndani kutokea juu, kichwa na mabega vinabaki nje. Halina uzito, halichemki kama blanketi, na akichoka anatoka kulekule alikoingilia.

AshaTiba: Kwa maelezo yaliyopo naegemea huko, ila mjaribishe mchana kwanza, mkiwa wote macho, umwone anatoka mwenyewe. Asipoweza, usimlaze nalo. Na huko kugonga ukuta, mwili unatafuta mgandamizo kwenye misuli na maungio. Mpe kazi: asukume kikapu kilichojaa nguo, abebe ndoo ndogo ya maji, atambae chini ya mito. Haigharimu kitu.

BabaTatu: Mama, muulize pia huyo mtaalamu kama wana vifaa vya kuazima. Wengine wanavyo.

MamaNuru: Nitamuuliza. Bi Rehema, hilo shuka halilegei likifuliwa?

Bi_Rehema: La kwanza lililegea, nilikuwa nalifua kwa maji moto. Sasa natumia maji baridi na kulianika kivulini.

SalmaK: Mwenye blanketi la shanga za kioo naye akague mishono kila anapofua. La jirani yangu lilipasuka kona, shanga zikamwagika kitandani, na mtoto mwenyewe ni wa kutia kila kitu mdomoni.

Kaka_Duma: Ndiyo maana langu nalivisha foronya yake, nafua foronya tu. Kuna anayejua foronya isiyochemka? Huyu wangu anatoka jasho sana kichwani.