Kuchoma korosho nje kama marehemu mjomba: hatua ya mwisho naijuaje?

mpwa_wa_nanguruwe:

Wakuu, habari zenu. Naishi Mtwara mjini, nyumbani kwetu ni Nanguruwe. Mwaka huu nimempoteza mjomba, kaka yake mama, aliyenilea tangu niko darasa la pili. Sisi Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo wa kusini mtanielewa msiba wangu ukoje.

Tangu arobaini ipite nimeshikwa na ugonjwa wa kupika nje. Ulianzia siku ileile. Wapishi wa pilau walikuwa wachache, nikapewa mwiko mrefu nisimamie sufuria kubwa nyuma ya nyumba. Huko mbele kila anayeingia anakupa pole na wewe unasimulia upya alivyougua. Huku nyuma kuni ikiungua unaisogeza, basi. Nilipata nafuu pale kuliko kwenye jamvi.

Sasa kila Jumapili niko uani. Nikipata kolekole pale Feri nambanika, msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, nachemsha kwenye mafiga, mihogo ndiyo usiseme. Mke wangu ananicheka: gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa tangu 1982, mtungi umejaa jikoni, wewe unapuliza kuni mpaka machozi yanakutoka. Namwambia ni moshi.

Kinachonishinda ni korosho. Mjomba alizichoma mwenyewe kila msimu, zile za kula nyumbani, kwenye bati la debe alilolitoboa matundu kwa msumari. Bati hilo ninalo, mjane wake kanipa. Najua korosho zikauke juani kwanza. Najua mafiga matatu, kuni za mkorosho mkavu, mti mrefu wa kugeuzia. Ila mafuta yakianza kutoka na moto kuruka, alitufukuza: "Tokeni, mtababuka!" Tunakimbilia kwenye mwembe. Tukiitwa, korosho zimeshafukiwa mchangani, kazi yetu kubangua tu. Hapo katikati sikuwahi kupaona. Moto unauacha mpaka lini? Unazitoa kwa dalili gani? Nimemuuliza mama, anasema hata yeye alikuwa anafukuzwa, na ni dada yake wa tumbo moja.

Mtu wa Mchinga:

Pole sana mkuu, Mungu amrehemu mzee.

Dakika usihesabu, moto wa kuni haufanani leo na kesho. Geuza bila kupumzika. Ganda litaanza kutoa jasho, linakuwa jeusi la kumeremeta, mafuta yanapenya kwenye matundu. Yakidondokea motoni bati zima litawaka. Ndipo mlipokuwa mnafukuzwa, na mzee alikuwa na haki. Usimwagie maji, mafuta yatakurukia. Wewe geuza tu, mti wako uwe mrefu kweli.

Ganda likishavimba na kuwa jeusi kote, chopoa moja kwa mti, itupe pembeni, igonge na jiwe. Ikibonyea, bado. Ikipasuka kavu na ndani nyeupe inayoelekea umanjano, pindua bati mchangani palepale, fukia. Mchanga unazima moto na unakunywa mafuta. Ukichelewa kidogo tu unabangua makaa. Wakati wa kubangua jipake majivu mikononi, yale mafuta yakikupata ngozi inatoka.

Halafu simama upande unakotoka upepo, na angalia jirani hajaanika nguo. Moshi ule unawasha koo na macho. Maganda usiyatie kwenye moto wa kubanikia huyo kolekole wako hata kama yanawaka vizuri, samaki halikiki.

kangomba_mstaafu:

Pole mkuu. Ni kilo ngapi hizo? Za kula nyumbani zikizidi gunia watakuita jina langu, kangomba, yaani mlanguzi wa korosho wa kichochoroni, wakati wenzako wanauza ghalani kwa stakabadhi.

Mwambie na shemeji kwamba gesi ya mtungi siyo ya Msimbati, hiyo ya Mnazi Bay. Ya mtungi inakuja na meli kutoka nje. Mnakaa juu ya gesi nyingine kabisa.

Mama Mwera:

Mwanangu, pole. Mimi nipo Nachingwea. Marehemu baba watoto alikuwa akichoma mahindi uani jioni, nami nilikuwa nalalamika uani kwangu kunachafuka. Alipoondoka nikanunua jiko la mkaa jingine, la nje tu. Kwa hiyo huyo mkeo usigombane naye. Mpe kigoda akae, mpe kazi ya kupepea.

Korosho ukishabangua, ganda jembamba la ndani usihangaike nalo zikiwa za moto. Ziache mpaka kesho, ukizisugua kwa kiganja linatoka. Chumvi koroga kwenye maji kidogo, zinyunyizie, kisha zirudishe kikaangoni moto mdogo mpaka zikauke.

mpwa_wa_nanguruwe:

Shikamoo mama, nashukuru. Mtu wa Mchinga, jana nimefanya ulivyosema, kwa korosho kidogo. Bati liliwaka, wanangu wakasogea kuangalia, nikasikia mdomo wangu unasema "Tokeni!" Mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Nikamrudisha, nikamsimamisha upande wa upepo, mbali kidogo, aone yote. Mdogo alikwenda kwa bibi yake analia.

Nyingi zimetoka vizuri, za pembeni ya bati hazikuiva. Kangomba, ni debe moja tu, na kilo hazijafika za kukutia wasiwasi.

Sasa tatizo ni mama. Kaonja, anasema za mjomba hazikuwekwa chumvi kabisa. Mjane wa mjomba anasema ziliwekwa, tena alikuwa anaichanganya yeye mwenyewe. Tangu jana wanabishana kwenye simu. Wa Newala na Tandahimba, kwenu mnaweka?