Mjadala: Je, anayemuuguza ndugu yake mtu mzima alipwe na serikali?

Mleta Hoja: Mtu anayeacha kazi ili amtunze mzazi aliyepooza, au mwenzi wake mwenye ugonjwa wa akili, anaipunguzia serikali gharama ambayo ingeibeba hospitalini, lakini aghalabu malipo yake ni pongezi. Uingereza ilimpa pauni 83.30 kwa wiki katika mwaka wa fedha 2025/26, kwa sharti kwamba awe anatunza kwa saa zisizopungua 35. Ukigawa, utapata chini ya pauni mbili na nusu kwa saa. Je, posho ya namna hiyo ni haki ya mtunzaji au ni shukrani tu?

Karani Mstaafu: Napinga. Ndugu hamuuguzi nduguye kwa ujira. Pesa ikishaingia chumbani, mgonjwa atageuzwa mtaji, na jamaa ambao hawakuwahi hata kumjulia hali wataanza kugombania godoro lake. Serikali ijenge vituo na kuajiri wauguzi, na yanayofanywa kwa mapenzi yaachwe yafanywe kwa mapenzi.

Zamu ya Usiku: Mzee Karani, neno hilo "mtaji" umelitamka kwa wepesi mno. Anayeamka kila baada ya saa chache kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongo hafanyi biashara. Tena hayo mapenzi unayoyasifu, mbona hudaiwa zaidi kwa mabinti na wake? Posho hiyohiyo ya Uingereza, ilipoanzishwa mwaka 1976, iliwanyima wanawake walioolewa, eti wao wangekuwa nyumbani hata hivyo. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1986, baada ya mwanamke aliyekuwa akimtunza mama yake kufikisha kesi hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya.

Karani Mstaafu: Sikumtaja binti wala mke. Nilizungumzia pesa, nawe umenijibu kana kwamba nimemtukana mtu.

Msikilizaji: Umemtukana, mzee, ila kwa Kiswahili fasaha. Mbona nasikia Ujerumani bima humlipa mtunzaji mshahara, na wagonjwa hawajageuka mtaji?

Mwanabima: Si mshahara, Ndugu Msikilizaji. Bima ya utunzaji, iliyoanza mwaka 1995, humpa fedha mgonjwa mwenyewe (kwa mwaka 2025 ni kati ya euro 347 na 990 kwa mwezi, kulingana na daraja la uhitaji wake), naye huamua atamkabidhi nani. Anachopata mtunzaji kwa jina lake ni michango ya pensheni, iwapo anatunza angalau saa 10 kwa wiki na ajira yake haizidi saa 30. Mimi naupendelea utaratibu huu, kwa sababu mgonjwa hubaki na kauli.

Zamu ya Usiku: Kauli ipi kwa mtu aliyepoteza kumbukumbu, asiyemtambua hata anayemlisha? Atakayeamua ni yule mwenye sauti kubwa katika familia, ambaye kwa kawaida si yule anayefua mashuka. Nipeni mimi mkononi.

Mwanabima: Dada, kupewa mkononi nako kuna mitego. Huko Uingereza, katika mwaka huohuo wa fedha 2025/26, mtunzaji aliyezidisha kipato chake kidogo tu juu ya pauni 196 kwa wiki alikosa posho yote ya wiki hiyo, na wako waliodaiwa kurejesha maelfu ya pauni kwa sababu hawakujua kuwa wamevuka.

Karani Mstaafu: Nanyi bado mnaniuliza kwa nini nataka vituo! Kituo hakimdai mtu pauni zake.

Zamu ya Usiku: Basi angalau tukubaliane na hivyo vituo, mzee, lakini viwe vya kumpokea mgonjwa kwa wiki moja au mbili ili mtunzaji apumzike, kisha arudi nyumbani. Uingereza imetunga sheria ya likizo ya watunzaji, inayotumika tangu Aprili 2024: wiki moja kwa mwaka, bila malipo. Wiki hiyo mtu huitumia kumpeleka mgonjwa kliniki, si kulala.

Karani Mstaafu: Wiki mbili nakubali. Pesa mkononi, hapana.