Lajos Koltai alipoiacha kamera akawa mwongozaji, sinema ilipata au ilipoteza?

Mdau wa Sinema
Wanajukwaa wenzangu, naomba tulijadili jambo hili kwa uzito wake. Lajos Koltai, mzaliwa wa Budapest wa mwaka 1946, ni mmoja wa wapigapicha wa filamu wanaoheshimiwa sana barani Ulaya. Ndiye aliyeshika kamera katika Adoption ya Márta Mészáros, iliyotwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1975, na ndiye aliyekuwa jicho la mwongozaji István Szabó katika Mephisto, Colonel Redl, Hanussen na Sunshine. Mwaka 2005, alipokuwa anakaribia miaka 60, aliongoza Fateless. Mwaka 2007 akaongoza Evening huko Marekani. Mwaka 2023 akatoka na Semmelweis. Hoja yangu ni kwamba tulipoteza mpigapicha asiye na mfano, tukapewa mwongozaji wa kiwango cha kati. Mpigapicha, hata awe bingwa kiasi gani, ni fundi wa taa anayetekeleza fikra za mtu mwingine, na si aibu mtu kubaki katika kazi aliyojaliwa.

Lenzi ya Pwani
Ndugu Mdau, nimeisoma hoja yako yote, lakini sentensi yako ya mwisho siwezi kuiacha ipite. Nimeishi kwa kazi ya kamera, na dharau hiyo nimeisikia kwa watayarishaji wengi wanaodhani picha hujipiga yenyewe. Itazame tena tamati ya Mephisto: mwigizaji aliyejiuza kwa Wanazi anapelekwa katika uwanja mkubwa mtupu usiku, mianga mikali inamwandama kila anakokimbilia, naye anauliza wanataka nini kwake, ilhali yeye ni mwigizaji tu. Ondoa mianga ile, unabaki na mtu anayekimbia uwanjani. Maana yote ya filamu, yaani mtu aliyeutafuta mwanga maisha yake yote na sasa mwanga unamwangamiza, imo katika kazi ya yule unayemwita fundi wa taa.

Kijana wa Ilala
Naunga mkono. Na kwa kumbukumbu yangu, Koltai alipata Oscar kwa Mephisto, kwa hiyo mjadala wa kuwa ni fundi tu ulifungwa zamani.

Aliyesoma Szeged
Ndugu Kijana, tuweke mambo sawa, kwa sababu hoja nzuri haisaidiwi na ushahidi usio sahihi. Oscar ile ilikuwa ya filamu bora ya lugha ya kigeni, nayo ilikwenda Hungaria kwa filamu nzima. Koltai mwenyewe aliteuliwa kuwania Oscar ya upigaji picha kwa Malèna ya Giuseppe Tornatore, iliyotoka mwaka 2000, na hakushinda. Miongoni mwa tuzo alizozipata kwa jina lake ni ile ya Filamu za Ulaya ya mwaka 1999, kwa The Legend of 1900 na Sunshine.

Mdau wa Sinema
Asante, Ndugu uliyesoma Szeged; umenisaidia kuonyesha kwamba sifa zote hizo ni za kamera. Kwa uongozaji wake tunataja nini? Evening ilikuwa na Vanessa Redgrave, Claire Danes, Toni Collette, Glenn Close na Meryl Streep. Redgrave akacheza pamoja na binti yake Natasha Richardson, na binti wa Streep, Mamie Gummer, naye akapewa nafasi. Kwa hazina ya waigizaji kama hiyo, tulipata filamu ambayo bahari na magauni yanakaa akilini kuliko watu. Hilo ndilo ninalolilalamikia: mpigapicha akipewa uongozaji huipendezesha kila kitu, hata kisichostahili kupendeza.

Msomaji wa Riwaya
Ndugu Mdau, umegusa kidonda changu bila kukitaja. Mimi Evening hainishughulishi. Kinachoniuma ni Fateless. Imre Kertész, Myahudi wa Hungaria, alichukuliwa mwaka 1944 akiwa na miaka 14, akapelekwa katika kambi za Wanazi za Auschwitz na kisha Buchenwald, na riwaya aliyoitoa mwaka 1975, ambayo ndiyo iliyozaa filamu hiyo, ina sauti ambayo sijaikuta kwingine: mtoto anaeleza kila hatua ya maangamizi kwa utulivu, kana kwamba ni jambo la kawaida, na utulivu huo ndio unaomtia msomaji baridi. Koltai akaja na muziki wa Ennio Morricone, vumbi linalong'aa katika mwanga na nyuso zilizopangwa kama michoro ya kanisani. Sikubali kambi ya mateso ipendeze. Anayeipamba anawapunguzia watazamaji mzigo ambao walipaswa kuubeba.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu Msomaji wa Riwaya, naheshimu uchungu wako, lakini umemsahau aliyeiandika skripti. Ni Kertész mwenyewe, na filamu ilipotoka alikuwa amekwishapata Nobel ya fasihi mwaka 2002, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuburuzwa na yeyote. Vilevile huyu ndiye aliyeikataa wazi filamu ya Spielberg kuhusu Schindler, mfanyabiashara aliyewaokoa Wayahudi, na kuiona kuwa ni upambaji wa maangamizi, kisha akaitetea Life Is Beautiful, ile filamu ya Roberto Benigni yenye vichekesho ndani ya kambi, ambayo wengi waliiona kuwa ni utani juu ya makaburi. Hakuwa mtu wa kufuata mkondo.

Na kuhusu uzuri, rudi kwenye riwaya yako. Kijana Gyuri, msimulizi wake, anasema upo wakati fulani wa jioni kambini alioupenda, na aliporudi Budapest watu wakimuuliza juu ya mambo ya kutisha, yeye alitaka kusimulia furaha ya kambi. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kitabu kile. Mwongozaji angelionyeshaje bila kuiacha jioni ile iwe nzuri? Rangi za filamu zinaanza na joto la nyumbani Budapest, zinafifia kidogo kidogo kadiri mtoto anavyoisha mwili, mpaka inabaki karibu kijivu tupu. Katika kijivu hicho, mwanga kidogo wa jioni unaumiza. Mimi uliniumiza.

Msomaji wa Riwaya
Bi Mkubwa, shikamoo. Kwamba Kertész aliandika skripti hakumfanyi awe ndiye aliyeweka muziki wa huzuni chini ya picha za maiti. Katika kitabu, furaha ile inatoka kinywani mwa mtoto, nasi tunabaki tukimshangaa. Katika filamu tunapewa sisi wenyewe, tena tayari imelainishwa. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe, na sitarudi nyuma.

Aliyesoma Szeged
Nashangaa kwamba tumefika hapa bila mtu kumtaja Gyula Pados. Mnamsifu na kumlaumu Koltai kwa mwanga wa Fateless, wakati aliyekuwa mpigapicha wa filamu ile ni Pados, ambaye pia alipiga Evening. Koltai aliikabidhi kamera kwa mwingine. Ndugu Lenzi ya Pwani, ikiwa mwanga wa Mephisto ni wa Koltai na wala si wa Szabó, basi kwa kipimo hichohicho mwanga wa Fateless ni wa Pados.

Lenzi ya Pwani
Swali hilo ni la haki, nami nalijibu bila kukwepa. Sikusema kwamba Mephisto si ya Szabó. Nilisema kwamba Koltai hakuwa mtumwa wa fikra za Szabó. Watu wawili waliofanya kazi pamoja miaka mingi hufikiri pamoja, na Pados vilevile hakuwa mkono tu. Lakini mjadala huu usiishie kwa Koltai peke yake. Mpigapicha mwingine wa Hungaria, Sándor Sára, alipiga picha za Sindbad ya Zoltán Huszárik mwaka 1971, filamu ambayo Wahungaria wengi wanaipenda hadi leo kwa rangi zake, na tayari mwaka 1969 alikuwa ameongoza The Upthrown Stone. Baadaye alikusanya ushuhuda wa askari wa Jeshi la Pili la Hungaria walioponea chupuchupu kwenye mto Don katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na katika kazi hiyo picha ni nyuso za wazee wanaozungumza na hakuna pambo lolote. Yuko wapi basi mpigapicha anayepamba kila kitu?

Mdau wa Sinema
Sára ni mtu mwingine, na Vilmos Zsigmond, aliyepata Oscar kwa kamera, aliongoza The Long Shadow mwaka 1992 na ni wangapi wanaikumbuka? Niliuliza juu ya Koltai. Semmelweis ilijaza kumbi huko Hungaria na ikapelekwa kuwania Oscar, lakini habari ya daktari wa Vienna aliyewataka wenzake mwaka 1847 waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama wanaojifungua ingeweza kuongozwa na yeyote mwenye bajeti.

Bi Mkubwa wa Tanga
Basi nakupa tukio moja, mwanangu, unijibu kwa hilo. Katika Fateless wafungwa wamesimamishwa uwanjani kwa mistari kutwa nzima, na kamera inawaonyesha wakiyumba, huyu kulia, yule kushoto, wakijizuia wasianguke, kwa muda mrefu kuliko mtazamaji anavyoweza kustahimili. Hakuna anayepigwa risasi, wala hakuna neno linalosemwa. Aliyeamua kwamba tuwatazame kwa muda wote ule ni mwongozaji. Niambie ni mwongozaji yupi wa kiwango cha kati aliyewahi kuwa na ujasiri huo.