Eti Waairishi ni Waisraeli? Wanaoijua hii stori waje

Wakuu habari za jioni. Kuna klipu inazunguka kwenye grupu letu la kanisani, inasema Waairishi ni kizazi cha Israeli, eti nabii Yeremia alikimbilia Ayalandi na binti wa mfalme Sedekia anaitwa Tea Tephi, binti akaolewa na mfalme wa Tara (kilima cha wafalme wa kale huko Ayalandi), na lile jiwe alilolalia Yakobo wakaenda nalo. Kaka yangu kaamini mazima. Mimi Yeremia ninayemjua aliishia Misri, sasa Ayalandi kafikaje?

Jibu:
Hapo hapo Misri ndo pamewapa upenyo mkuu. Soma Yeremia 43, alichukuliwa pamoja na binti za mfalme mpaka Tapanesi, halafu Biblia inanyamaza kuhusu hao mabinti, basi karne ya 19 Waingereza fulani wakajijazia wenyewe. Walitaka kiti cha enzi cha Uingereza kionekane ni cha Daudi, Ayalandi ilikuwa stendi tu ya kupitia.

Jibu:
Sio zote za juzi lakini. Waairishi wana kitabu chao Lebor Gabála, cha karne ya 11, humo babu yao Goídel Glas ni mtoto wa Scota binti Farao, dogo akaumwa na nyoka huko Misri, Musa akamponya na kumwambia atakakokaa uzao wake nyoka hatakaa. Tamu eeh? Ila humo hawajiiti Waisraeli, walikutana nao tu njiani, wao wametoka Skithia, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, wakazunguka weeee mpaka Hispania ndo wakavuka. Waandishi walikuwa watawa, wakiona taifa lao halimo kwenye Mwanzo wala Kutoka ikabidi walitafutie kiti.

Jibu:
Na hao wa Uingereza hawakuishia kuongea, 1899 mpaka 1902 walikuwa wanachimba kilima cha Tara wanatafuta Sanduku la Agano 😂 Yeats yule mshairi na wenzake wakaandikia gazeti la Times kupinga. Sanduku halikuonekana, boma la kale ndo likaharibiwa. Kuhusu jiwe la Yakobo, wanalolisema ni lile la kutawazia wafalme wa Scotland, na wataalamu wa miamba walishalipima, limetoka huko huko Scotland, maeneo ya Scone, Betheli haliijui.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Nimemrushia kaka, kajibu swali moja tu, kama ni uongo mbona Ayalandi haina nyoka kweli?

Jibu:
Mwambie hawajawahi kufika. Barafu ilipoyeyuka bahari ikakata njia kabla nyoka hawajavuka, Musa hahusiki.